Muhuri ni Ushahidi: Somo kwa Mwanafunzi Anayethibitisha Hati Zake



Ndugu mwanafunzi, neno shahada katika Kiswahili chetu lina kazi tatu. Ni tamko linalomwingiza mtu katika Uislamu. Ni ushahidi anaoutoa mtu mbele ya kadhi au hakimu. Na ni digrii unayoihangaikia hapa chuoni kwa miaka mitatu au minne. Maana hizi hazikukutana kwa bahati. Zote zimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kuhudhuria, kuona na kushuhudia. Karatasi utakayopewa siku ya mahafali ni ushahidi wa chuo kwamba ulisoma, ukafanya mitihani, ukafaulu.

Tatizo ni kwamba ushahidi wa mtu asiyejulikana haupokelewi. Mwajiri wa Muscat au chuo cha Madina hakimjui msajili wa chuo chako wala hakiijui saini yake. Kinahitaji mtu mwingine amshuhudie msajili, na mwingine amshuhudie huyo, mpaka wafike kwa mtu wanayemjua. Hiyo ndiyo kazi yote ya notari, wizara, ubalozi na ile karatasi iitwayo apostili.

Wengi wetu huijua kazi hii siku ya mwisho, wakati nafasi ya ufadhili inafungwa kesho na mtu anazunguka mjini na bahasha mkononi akiuliza, "Hapa wanagonga muhuri?" Somo hili linataka msomaji aondoke na jambo moja: kila muhuri ni ushahidi wa mtu juu ya jambo moja alilolihakikisha, si zaidi ya hapo. Anayelifahamu hilo atajua pa kuanzia, hatatupa pesa zake, na hataingia katika ushahidi wa uongo kwa kudhani anajaza fomu tu.

1. Msingi wake katika dini yetu

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an haizungumzii swala wala saumu. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, na inazungumzia kuandika deni. Tuzitazame hukumu zake moja moja, kwani karibu zote zinakutana na kazi ya notari wa leo.

Waumini wanaamrishwa waandike deni la muda maalumu. Mwandishi aandike kwa uadilifu, wala asikatae kuandika kama Allah alivyomfundisha. Mwenye kuwajibika na deni ndiye atakayesema maneno ya kuandikwa, wala asipunguze kitu. Akiwa hana uwezo wa kusema, msimamizi wake aseme kwa niaba yake kwa haki. Wawepo mashahidi, nao wasikatae wanapoitwa. Watu wasichoke kuandika, jambo liwe dogo au kubwa. Na mwishoni tunakatazwa kumdhuru mwandishi wala shahidi.

Hukumu hii ya mwisho husahaulika sana. Wafasiri waliieleza kwa njia mbili: mwandishi na shahidi wasiwadhuru watu kwa kubadilisha ukweli, na watu nao wasiwadhuru mwandishi na shahidi kwa kuwalazimisha. Unapomwendea wakili uliyemjua msikitini ukamwambia, "Sheikh wangu, nigongee tu, mwenye saini yuko Bujumbura lakini ni ndugu yangu," unamdhuru mwandishi. Unamtaka aandike kwamba mtu fulani alisaini mbele yake, naye hakumwona.

Katika Sunna, Anas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia wafalme wa nje ya Bara Arabu aliambiwa kuwa hao hawasomi barua isiyo na muhuri. Akatengeneza pete ya fedha iliyochorwa maneno "Muhammad Mtume wa Allah" kwa Kiarabu katika mistari mitatu. Hakuuona utaratibu wa wageni kuwa ni usumbufu. Aliufuata ili ujumbe wake upokelewe. Kisha akawakataza watu wengine kuchora maneno hayo hayo kwenye pete zao. Sababu yake haifichiki: muhuri unaoweza kuigwa na kila mtu haushuhudii kitu. Pete hiyo ilishikwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman (r.a.), mpaka ilipoanguka katika kisima cha Aris huko Madina.

Wanachuoni wetu waliifanya kazi hii kuwa elimu kamili. Iliitwa elimu ya shurut, yaani namna ya kuandika mikataba na hati ili zisiwe na mwanya wa ugomvi. Imamu Tahawi wa Misri, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki mwaka 321 Hijria, aliandika vitabu katika fani hiyo. Nchini Morocco mpaka leo wapo maadul, waandishi wanaofanya kazi wawili wawili katika hati za ndoa na mirathi, kisha kadhi huzipitisha. Kwa hiyo unapoingia katika ofisi ya notari usidhani umeingia katika jambo geni kwa Waislamu.

2. Notari ni nani, naye anashuhudia nini?

Nchi zetu zimerithi njia mbili. Uganda ilirithi sheria ya Kiingereza. Huko notari ni wakili aliyepewa cheti cha ziada cha kufanya kazi hiyo, na karibu naye yupo kamishna wa viapo, ambaye mtu huapa mbele yake. Burundi, Rwanda na Kongo zilirithi njia ya Wabelgiji. Katika njia hiyo notari ni mwenye mamlaka ya umma, na hati aliyoiandaa mwenyewe ina nguvu kubwa mahakamani kuliko karatasi waliyoandikiana watu wawili. Nchini Rwanda utamkuta notari wa serikali hata katika ofisi ya sekta.

Popote ulipo, kazi utakazomhitaji ni hizi tatu.

Ya kwanza ni nakala iliyothibitishwa. Unampelekea cheti asili na nakala yake. Anazilinganisha, kisha anaandika kwamba nakala inafanana na asili aliyoiona. Zingatia: hakusema kwamba cheti chenyewe ni cha kweli. Amesema tu kwamba karatasi hii inafanana na ile.

Ya pili ni hati ya kiapo. Wewe ndiye unayesema, yeye anashuhudia kwamba umesema na kuapa mbele yake. Ukiapa kwamba umepoteza kitambulisho ilhali umekiweka rehani kwa mkopeshaji, uongo ni wako, lakini umemfanya yeye shahidi wa kiapo chako.

Ya tatu ni kushuhudia saini, hasa katika hati ya uwakala. Tuseme baba amefariki Goma na wewe uko masomoni Kampala. Unataka kaka yako akusimamie katika mirathi. Unaandika hati ya uwakala, unaisaini mbele ya notari, naye anahakikisha kwamba wewe ndiye mwenye jina hilo, kwamba unaelewa unachokisaini, na kwamba hukulazimishwa. Katika hati hii taja mipaka: wakala afuatilie mirathi tu, au auze pia? Wengi wamepoteza shamba kwa sababu ya neno moja lililoachwa wazi. Aya ilisema mwenye haki asipunjwe, na kupunjwa kwingi huanzia kwenye maandishi yasiyo na mipaka.

Tuchukue Zaid na Amru wa vitabu vya nahau tuwaongezee kazi. Zaid ana cheti cha kweli. Amru amenunua cheti cha bandia mjini. Wote wawili wamekwenda kwa notari mmoja, na wote wamepata muhuri wa "nakala inafanana na asili". Je, notari amesema uongo? Hapana, ameshuhudia alichokiona. Je, cheti cha Amru kimekuwa cha kweli? Hapana kabisa. Siku mwajiri atakapoandika barua chuoni kuuliza, muhuri hautamfaa Amru kwa lolote. Ndugu zake Yusuf (a.s.) walileta kanzu yenye damu, na damu ilikuwepo kweli, lakini baba yao hakudanganyika. Ushahidi wa chombo hauufanyi uongo kuwa kweli.

3. Mnyororo wa mihuri

Hati inapovuka mpaka huhitaji mihuri kadhaa inayofuatana. Kila mmoja unaushuhudia ule ulio kabla yake. Kwa hati iliyotolewa Uganda inayokwenda nchi isiyotumia apostili, utaratibu huwa hivi kwa ujumla.

Kwanza, taasisi iliyoitoa hati iithibitishe. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita ni vya UNEB, kwa hiyo UNEB ndiyo ya kuulizwa. Digrii ni ya chuo, kwa hiyo anza kwa msajili. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na NIRA. Ndoa husajiliwa URSB.

Pili, Wizara ya Mambo ya Nje, Kampala. Wizara haisomi alama zako. Inatazama kama saini na muhuri wa ofisi iliyotangulia vinalingana na vielelezo ilivyonavyo.

Tatu, ubalozi wa nchi unayokwenda. Ubalozi nao unaitambua saini ya wizara. Kama nchi hiyo haina ubalozi hapa, utaulizia ubalozi wake ulio nchi jirani.

Ukiutazama mnyororo huu utaona kwa nini ukiruka hatua moja unarudishwa. Afisa wa ubalozi hakukatalii kwa ubaya. Hawezi kushuhudia saini asiyoijua. Ndugu zake Yusuf walipolazimika kumweleza baba yao habari ya Bin-yamini waliambizana waseme kwamba hawakushuhudia ila walichokijua. Huo ndio mpaka wa kila shahidi, na ndio mpaka wa kila ofisi.

Hapa tuwakumbushe walio katika ndoa au wanaokaribia. Cheti alichokuandikia imamu kinatosha kwa ndoa yako mbele ya Allah ikitimia masharti yake. Lakini ukitaka kumwombea mkeo viza ya kukufuata masomoni, mnyororo lazima uanzie kwa mtu ambaye serikali inaijua saini yake. Isajili ndoa mapema.

4. Apostili

Tarehe 5 Oktoba 1961 ulitiwa saini The Hague, Uholanzi, mkataba wa kufuta ule mzunguko wa balozi. Nchi zilizomo zilikubaliana kwamba cheti kimoja kitatosha. Cheti hicho ndicho apostili. Ni kijisanduku cha mraba kisichopungua sentimita 9 kila upande, chenye vipengele 10 vyenye namba, na kichwa chake lazima kiwe kwa Kifaransa hata kama mengine yameandikwa kwa lugha nyingine. Kinashuhudia mambo matatu: saini ni ya kweli, aliyesaini alikuwa na cheo alichokitaja, na muhuri ni wa ofisi husika. Yaliyoandikwa ndani ya hati hakiyashuhudii.

Mkataba ulianza kutumika Burundi tarehe 13 Februari 2015, na Rwanda tarehe 5 Juni 2024. Kwa upande wa nchi wanazokwenda wengi wetu, Oman imo tangu 30 Januari 2012 na Saudi Arabia tangu 7 Desemba 2022. Uganda na Kongo hazijaingia, na vilevile Falme za Kiarabu na Qatar.

Yapo mambo mawili yanayowachanganya wanafunzi.

Moja: lazima pande zote mbili ziwe ndani ya mkataba, na iwe hakuna upande wenye pingamizi linaloendelea dhidi ya mwenzake. Hati ya Kigali kwenda Doha haitasaidiwa na apostili.

Pili: kinachoangaliwa ni nchi iliyotoa hati, si uraia wa mwenye hati. Mwanafunzi wa Kirundi anayesoma Uganda akipata kazi Muscat, cheti chake cha kuzaliwa cha Bujumbura kitapata apostili ya Burundi, lakini digrii yake ni hati ya Uganda na itapita njia ndefu ya wizara na ubalozi. Ukimaliza masomo usikimbilie nyumbani na digrii mkononi kabla ya kuipitisha hapa. Kurudi Kampala kwa ajili ya muhuri mmoja kunakula nauli na siku.

5. Majina yetu

Hili ni letu hasa. Jina la Mtume wetu huandikwa Muhammad, Mohammed, Mohamed, Muhamadi. Aisha huwa Aishah, Asha, Aisa. Mwalimu wa msingi aliandika alivyosikia, karani wa mitihani akaandika alivyosoma, na wa pasipoti akaandika alivyopenda. Kwako wewe ni mtu mmoja. Kwa afisa wa Riyadh ni watu watatu.

Ikiwa tofauti ni ya herufi tu, mara nyingi hati ya kiapo inatosha: unaapa kwamba majina yote ni ya mtu mmoja na unazitaja hati zote zenye majina hayo. Ikiwa umebadilisha jina kweli, kama ndugu aliyesilimu akachukua jina jipya, kiapo hakitoshi. Kuna utaratibu wa kisheria wa kubadili jina na kuuandikisha. Na ikiwa kosa liko kwenye cheti chenyewe, omba ofisi iliyokitoa ikirekebishe. Usikifute wala usikiongezee herufi kwa mkono wako, hata kama herufi hiyo ni sahihi. Kugusa kwako kunakigeuza cheti cha kweli kuwa cha kughushi.

6. Amana na hatari yake

Abu Bakra (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwatajia maswahaba madhambi makubwa zaidi hali ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo alikaa sawasawa, akaendelea kulirudia neno hilo mpaka wakatamani laiti angenyamaza. Mtu hudhani hadithi hii inamhusu anayepanda kizimbani. Lakini kila anayesaini "nimemwona", "ninamjua", "ilisainiwa mbele yangu" amepanda kizimbani.

Basi ndugu anapokujia chumbani na fomu ya udhamini akasema, "Andika kwamba unanijua miaka mitano," nawe umemjua tangu muhula uliopita, mwambie kwa upole kwamba huwezi. Anapokuomba usaini karatasi isiyojazwa, kataa. Na wewe ukiwa na haraka ukakutana na kijana mlangoni mwa ofisi anayeahidi mihuri yote ifikapo jioni bila hati asili kuonekana, jiulize: huyo shahidi ataona nini?

Yupo anayesema, "Digrii ni yangu kweli, nimefupisha njia tu." Ukweli wa digrii hauhalalishi muhuri wa bandia. Nchi zenye apostili huweka daftari la kila apostili iliyotolewa, na mpokeaji anaweza kuuliza namba na tarehe. Muhuri mmoja ukionekana ni wa bandia, hata digrii yako ya kweli itatiliwa shaka, na atakayekuja baada yako kutoka chuo hiki atapokelewa kwa jicho la shaka hilo hilo.

7. Ufanye nini kuanzia sasa?

- Uliza kwa maandishi. Muulize anayezihitaji hati: anataka asili au nakala, muhuri wa nani, na kwa lugha gani?
- Anza mapema. Usisubiri barua ya kukubaliwa ndipo uanze kurekebisha majina.
- Usiivalishe hati asili nailoni ngumu ya kudumu. Haitagongeka muhuri tena, na ofisi nyingi huikataa.
- Nenda mwenyewe, na kitambulisho asili. Usisaini kabla ya kufika, saini mbele yake.
- Hati ya Kirundi, Kinyarwanda au Kifaransa inayokwenda nchi ya Kiarabu itahitaji mfasiri anayetambulika. Naye anashuhudia tafsiri tu. Uliza pia kama saini yake inahitaji kuthibitishwa.
- Usibandue karatasi zilizounganishwa na notari au wizara ili uzitoe nakala. Zikiachana, ushahidi umekatika.
- Omba risiti kwa kila malipo, na uweke nakala ya kila ukurasa baada ya kila muhuri.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Zitaje hukumu za aya ya 282 ya Suratul Baqara zinazomhusu mwandishi, na uonyeshe kila moja inavyokutana na kazi ya notari.
2. Rafiki yako wa Rwanda amehitimu Uganda na anakwenda Oman. Hati zake zipi zitapata apostili na zipi hazitapata? Kwa nini?
3. Notari amegonga muhuri kwenye nakala ya cheti cha bandia bila kujua. Dhambi ni ya nani, na ingekuwaje kama angejua?

Tunamuomba Allah (s.w.) ajaalie elimu zetu ziwe hoja ya kututetea wala si ya kutushitaki, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosimamisha ushahidi kwa ajili Yake. Wallahu a'lam.